Swichi ya Jumamosi

Enzi zetu, ninyi mliokua nami Chang'ombe ya Dodoma mtakumbuka, umeme ulikuwa mgeni wa heshima. Ilikuwa ile miaka maduka yalipoanza kujaa vitu: sabuni za kunukia, viatu vya plastiki vya rangi, redio za kaseti. Tulicheza rede mpaka vumbi linaingia kwenye meno, tukiitwa tunakimbilia ugali wa uwele na mlenda, hakuna cha kuchagua. Siku baba alipovuta umeme kwenye nyumba yetu ya matofali ya udongo, watoto wa mtaa mzima walijazana mlangoni kuangalia balbu. Balbu! Wajukuu wangu leo chaji ikipungua kwenye simu wanalia kama wamefiwa.

Fundi alifukia nyaya ukutani, akafunga na swichi ya usalama karibu na mlango. Akasema kukiwa na hatari itajikata yenyewe. Basi ikawa kazi yake kujikata. Tak! Kila Jumamosi mchana, na Jumamosi mchana ndiyo saa yangu ya kupiga pasi nguo za kanisani. Baba anaipandisha, inashuka. Anaipandisha, inashuka. Nilichoka mpaka mlio ule nikawa nausikia hata usingizini.

"Wewe mtoto una mikono ya maji," baba akasema. Nikaifuta kwa kanga mpaka ikawa mikavu kama kuni. Tak! Jumatatu akamwita dada yangu Anna apige pasi ileile. Swichi kimya, haikutikisika.

"Mmeona? Pasi nzima, swichi nzima. Mbovu ni huyu."

"Baba, naomba nijaribu na mimi leo."

"Unanijibu?"

Yakaisha hapo. Wiki hiyohiyo nikapandishwa treni, nikapelekwa kwa shangazi Gulwe nikachunge mbuzi. Nilikuwa darasa la tano, na kwa hesabu nilikuwa nawafunika wavulana wote. Msinicheke, ni kweli.

Jumamosi iliyofuata, mikono yangu iko Gulwe na mbuzi, pasi iko baridi juu ya kabati: tak! Ndipo baba akaita fundi. Fundi akachomoa kila kitu, swichi bado inagoma. Akashika ukuta wa sebuleni. "Nani ameulowesha huu?" Ni mama. Kila Jumamosi aliupaka udongo mweupe kwa tambara bichi, kama walivyomfunza kwao, ili wageni wa Jumapili wakute nyumba inang'aa. Na katikati ya ukuta huo ilitundikwa picha ya baba na suti ya kuazima. Msumari wa picha, alioupigilia mwenyewe, ulikuwa umetoboa waya. Ukuta ukilowa, umeme unavuja na swichi inajikata. Ukikauka, salama. Kwa jua la Dodoma, Jumatatu ulikuwa umeshakauka zamani.

Baba alikuja Gulwe mwenyewe. Akanywa togwa, akakohoa, akasema, "Ulikuwa msumari."

"Na shule, baba?"

"Mwakani."

Mwaka huo naungoja mpaka leo, nina wajukuu saba.

Sasa nyumbani kwangu Ipagala swichi ikijikata, utaratibu ni wangu: tunachomoa vyote, tunaipandisha, tunarudisha kimoja kimoja. Ikishuka, kilichorudishwa mwisho ndicho chenye kesi. Juzi hasira zikanipanda nikasahau, nikamfokea mjukuu wangu Neema kwamba ni yeye na hita yake. Akanigeukia, mikono kiunoni: "Bibi, mimi sijagusa kitu! Chomoa kwanza ndiyo uniseme!"

Zamani kwa mdomo ule ungelala na njaa. Nilimgombeza, lazima, mkubwa hajibiwi hivyo. Halafu nikaenda kuchomoa, na kumbe ni friji. Heshima tulikuwa nayo sisi, tele, hawa wa leo hawana hata robo. Lakini ningekuwa na nusu ya mdomo wa Neema siku ile ya pasi, ningemaliza la saba.