Jumapili ya Kumrudisha Mama Kundini

Mama yangu aliacha kwenda kanisani bila kugombana na mtu yeyote, na hilo ndilo lililowaudhi watu zaidi. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, kaseti za mahubiri zikiuzwa stendi ya Moshi na huduma mpya za maombi zikizuka kila kukicha. Waliotuhama kwenda huko tuliwaelewa: tuliwasema, tukawacheka, tukawahesabu kuwa wamepotea. Mama hakuhamia popote. Jumapili kengele ikilia, alichukua kigoda na Biblia yake, akaenda kukaa kwenye migomba yetu kule Old Moshi, nyuma ya zizi la ng'ombe, akasali peke yake kwa Kichagga. Alisema kanisani anasikia watu, pale anamsikia Mungu.

Mimi nilikuwa mwalimu mjini na mwanakwaya, tena mwenye mdomo. Nilimwonea aibu mama yangu, leo nakiri. Kila ibada ikiisha, tukiwa nje kwenye mnada wa sadaka za mavuno, tukigombea mkungu mmoja wa ndizi utadhani nyumbani hatuna migomba, hakukosekana mtu wa kuniuliza, "Mama hajambo? Mbona hatumwoni?" Alijua kabisa kwamba mama hajambo. Nilitamani nimtupie huo mkungu.

Kisha moyo wa mama ukaanza kumsumbua. Miguu ilivimba, akawa anapumzika mara mbili kutoka jikoni hadi zizini, na daktari akaniambia nijiandae. Wiki hiyohiyo wazee wawili wa kanisa walinisubiri njiani. Mkubwa wao, shemeji wa marehemu baba yangu, hakuzunguka.

"Binti yangu, mama yako tunampenda. Lakini asiporudi kundini, siku akifa mchungaji haji na kengele haipigwi. Mtazika wenyewe."

Kurudi kundini kwetu ni kusimama mbele ya usharika wote Jumapili, mchungaji akuulize kama unatubu, ujibu, ndipo upokewe tena. Sisi tunazikana kihambani, kwenye shamba la ukoo, na kila anayekuja hutazama kwanza kama kuna aliyevaa joho. Nililiona kaburi la mama na watu wamesimama bubu. Nikajibu palepale, "Amekubali. Jumapili tutakuja."

Mama hakuwa amekubali chochote. Sikuwa hata nimemwuliza.

Siku nne nzima nilijizungusha. Jumamosi nilipanda mlimani, nikachuma jani la isale mpakani mwa shamba, nikalifunga fundo, nikaingia nalo jikoni. Uchaggani ukiletewa isale hukatai. Hata aliyeuliwa ndugu yake hulipokea. Nilikuwa nimeshajipangia: atalipokea, na akishalipokea atakwenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akalitazama jani, akanitazama mimi. "Isale ni la kuomba msamaha. Umenikosea nini?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima kuhusu kanisa. Kwa swali hilo sikuwa nimejiandaa.

"Nimekusemea uongo, mama. Nimewaambia wazee umekubali kurudi kundini kesho."

Kiburu kikaanza kuungulia sufuriani, ndizi na maharage yote, na kati yetu hakuna aliyeinuka. Kisha akanyoosha mkono akalichukua lile jani.

"Nimekusamehe. Na sitaki mtoto wangu aitwe mwongo, kwa hiyo kesho nitakwenda. Ila nitakayoyasema huko ni yangu."

Kesho yake nilimshika mkono hadi mbele ya kanisa lililojaa mpaka milangoni. Mchungaji, kijana mpole asiye na ubaya wowote, alimwuliza kama anatubu kosa la kuliacha kusanyiko. Mama alivuta pumzi.

"Nimemkosea Mungu mengi, na yote natubu. Kusali nyumbani kwangu sitatubu. Nikitubu hilo nitakuwa nimemdanganya yeye ili niwafurahishe ninyi."

"Mama, sema tu ndiyo," nilimnong'oneza, nikimminya vidole. Hakunitazama. Mchungaji aliwageukia wazee, na mkubwa wao akatikisa kichwa. Kitabu cha ibada kikafungwa. Tulitoka kwa ile njia ya katikati, mama akitembea polepole, kanisa zima likitutazama, na mimi nimemkasirikia kiasi kwamba sikumsemesha mpaka nyumbani.

Mama alifariki kabla kahawa haijaiva shambani. Kengele haikulia na mchungaji hakuja, kama walivyosema. Hata hivyo watu walikuja, tena wengi, na wale wazee wawili wakasimama nyuma, mikono mitupu. Jeneza liliposhushwa macho yote yalinigeukia mimi, mwalimu, mwanakwaya, mtoto wake mkubwa. Ibada ya maziko nilikuwa naijua kwa kichwa, lakini sehemu zangu zilikuwa zile za kuitikia tu. Nilifungua mdomo, na hapo, nikiwa na miaka thelathini na moja, nikagundua kwamba sijawahi kumwambia Mungu neno langu mwenyewe. Nilimwonea mama wivu, pale pale kaburini kwake. Watu walingoja. Mtu akakohoa.

"Mungu," nikasema, "huyu ni mama yangu. Wewe unamjua kuliko mimi."

Sikuwa na zaidi. Nikainama nikachota udongo.