Solomoni Anapumzika Duluti

Kimandolu nzima ilimjua Solomoni kama mtu asiyejua kukaa kitako. Alfajiri yuko kwenye migomba, mchana anawabebea Wajerumani mizigo, jioni anamtafuta ndama aliyepotea. Lakini mkewe Nashipae alimzidi. Mwaka ule walikuwa wamemzika kitinda mimba wao, na tangu siku hiyo Nashipae hakutua kuni ila kwa kwenda kuteka maji.

Basi siku moja Solomoni akabebeshwa viti viwili na bwana mmoja wa Kijerumani hadi ziwa Duluti. Bwana na mkewe wakaketi, wakayatazama maji mchana kutwa. Hawakuvua samaki, hawakuteka maji.

"Wanamngoja nani?" Solomoni akamnong'oneza mpishi wao.

"Hawangoji mtu. Wanapumzika."

"Bila kuumwa?"

"Bila kuumwa."

Jambo hilo likamkaa kichwani. Hata Mungu, mwinjilisti alikuwa amefundisha, alipumzika siku ya saba, wala hakuwa anaumwa. Mavuno yalipokwisha, Solomoni akamchukua Nashipae na binti yao Simaloi, ngozi ya kulalia, na chungu cha loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando. Wakaondoka kabla ya jua. Hakumuaga mtu. Angeaga vipi? Aseme wanakwenda kutofanya kitu?

Ziwani Nashipae aliketi juu ya ngozi, akanyoosha miguu, kisha akainuka kutafuta kuni.

"Keti!"

"Nimeshaketi, baba Simaloi. Sasa je?"

"Endelea."

Akaendelea kwa shida. Mwishowe kichwa kikaanguka begani, akalala. Solomoni akafurahi kama aliyezaliwa upya. Akavua shuka, akaitandaza juu ya nyasi, akaingia majini kwenye matete. Maji yalipomfika kiunoni akasikia sauti kutoka njiani ambayo angeitambua hata kaburini: mama mkwe wake, Sinyati.

Kwa Waarusha, mwanamume haonani uso kwa uso na mama wa mkewe, wala hali chakula mbele yake. Akiwa uchi, je? Solomoni akazama hadi shingoni.

"Nashipae! Amka! Watu wamewaona na chungu, wamewaona na ngozi. Wanasema Wajerumani wamewafukuza! Inuka, twende kwangu."

"Mama, tumekuja kupumzika."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi anayeumwa ni huyo mtu wako. Kichwa." Sinyati akajibwaga chini kuvuta pumzi, juu ya shuka ya Solomoni hasa.

Huko kwenye matete meno yalianza kugongana. Baridi angeivumilia. Lakini Nashipae akiondoka sasa, hatalala mchana tena maisha yake yote, na Solomoni hakujua njia nyingine ya kumtua mzigo ule. Wala hakuruhusiwa kusema na mkwewe. Akatazama huku na huku, akamwona bata mwitu.

"Wewe bata," akapaza sauti, "mwambie mama aliyeketi pale kwamba hakuna aliyefukuzwa. Mwanawe hajapumzika tangu tumzike mtoto. Nimemleta alale. Aachwe leo tu."

Sinyati hakugeuka. Alijifunika nguo kichwani, akauelekea mti.

"Wewe mti, muulize bata kama mwenye maneno hayo amevaa nguo."

"Bata anasema hapana, bibi!" Simaloi akajibu.

Nashipae akacheka. Alijaribu kuziba mdomo kwa viganja, kicheko kikamponyoka. Akacheka hadi machozi yakamtoka, akajilaza ubavu kwenye ngozi. Tangu mazishi hakuna aliyekisikia kicheko kile. Mama yake alikisikiliza hadi kikaisha, kisha akavuta chungu karibu.

"Wewe mti, mwambie bata kwamba nami nitaketi kidogo."

Kidogo hicho kikamaliza loshoro yote, sehemu ya Solomoni ikiwemo, na Sinyati akalala palepale juu ya shuka akikoroma. Hakuna aliyethubutu kumsogeza. Ikabidi Nashipae apeleke ngozi kwenye matete.

Simaloi alisimulia safari ile ya kurudi hadi wiki Mungu alipomwita, na kila mara alishindwa kuimaliza kwa kucheka: baba yake mbele kabisa, mbio mbio asionane na mkwewe, amejifunga ngozi ya kulalia, vidole vimekunjamana; na watu wa Kimandolu wakitoka njiani kumpa pole, maana sasa walikuwa na hakika kwamba Wajerumani wamemnyang'anya hadi nguo.