Makiwa ya Ester Huko Mbwajumali

Tulitoka Mombasa kwenda kuchanja ndui visiwani, mwaka mmoja wa hamsini na kitu. Mimi mkunga, mwenzangu Ester, nesi kijana, Myahudi. Wanazi waliwaua watu wa kwao wote alipokuwa mtoto. Akalelewa Uingereza, akajaribu Israeli, akaja Kenya, na sasa alikuwa akizungumzia Australia. "Sijui kukaa," aliniambia. Nilikwisha kumpenda kama mdogo wangu, na habari hiyo ya Australia ilinikera.

Amu, mji wa huko visiwani, tulilala usiku mmoja. Kwa kuwa salamu za huko ni ndefu, nilimfundisha: ukiulizwa hali ya mtu yeyote, jibu hajambo. Matatizo huelezwa baadaye, kwenye kahawa. Alishika upesi, nami nikajisifu.

Asubuhi tulingoja maji yajae ndipo mashua ipite Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari. Alasiri tukashuka Mbwajumali, kijiji cha kisiwa cha pili, tope hadi magotini, mimi nikinung'unika njia nzima.

Mwenyeji wetu, Bi Rukia, alitupokea mlangoni.

"Karibuni. Za ndiani?"

"Njema," akajibu Ester.

"Babako hayambo?"

"Hajambo."

"Na mamako?"

Ester akatua mkoba wake chini. Kisha akasema, "Nimesema uongo, Bi. Wameuawa wote, na kaka yangu. Hawana hata kaburi."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kueleza kwamba ni mambo ya zamani, ya vitani. Bi Rukia hakunisikiliza.

"Matanga yao mlikaa wapi?"

"Hatukukaa. Nilibaki peke yangu."

"Basi tutakaa yeo."

Jioni hiyo hiyo akamtandikia mkeka. Majirani wakaingia mmoja mmoja, wakampa mkono wa pole: "Makiwa, mwanangu." Ester akaniangalia, maana jibu la hilo sikuwa nimemfundisha.

"Sema, tunayo," nikamnong'oneza.

"Tunayo," akasema. Alipofika mwanamke wa tatu akalia, na mimi nikalia naye.

Siku tatu hakuruhusiwa kushika hata upawa, maana mfiwa hapiki. Chakula kilitoka kwa majirani. Watoto wa kijiji niliwachanja peke yangu mpaka mkono ukafa ganzi, wala sikulalamika sana. Siku ya tatu Bi Rukia akamwinua mkekani: "Matanga tumeyaondoa. Haya, kazini." Ester akanawa uso, akaja kunipokea sindano.

Tukirudi Amu alinisimulia habari za mama yake, alivyokuwa akiimba vibaya huku akifua, mpaka nahodha akacheka. Nilikuwa nikidhani pole ikichelewa huwa kejeli. Kumbe mfiwa huingojea, hata miaka.

"Na Australia?" nikauliza.

"Niende kwa nani?" akasema. "Huko nani anajua kwamba mama yangu amekufa?"