Neti Iliyofungwa Vile Vile

Likizo nzima nililala kitanda kimoja na mtu ambaye sikuwahi kumwona uso.

Niliijua harufu ya mto wake. Nilijua kwamba hulalia upande wa ukutani. Jina lake sikulijua.

Wanaotaka kucheka wacheke kwanza. Nitawasubiri.

Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja chuoni. Nilipata nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya wasanifu majengo, kwenye jiji ambalo sikuwa na ndugu wala jirani. Nafasi niliipata. Chumba sikukipata. Kila mwenye nyumba alitaka mpangaji wa kudumu, na mimi nilikuwa mgeni wa likizo tu.

Mchana nachora nyumba za watu, jioni sina pa kulaza ubavu.

Dalali mmoja alinizungusha mpaka soli ikalegea. Mwishowe akafungua mlango wa kitu kilichofanana na kabati.

"Dirisha liko wapi?" nikauliza.

"Dada, umekuja kufanya kazi au kuchungulia watu?"

"Na hewa je?"

"Hewa utaikuta kazini."

Nikampigia simu baba. Baba ndiye aliyenilea na kunilipia ada tangu mama alipoondoka. Wakati huo nilikuwa mdogo kiasi kwamba hata sura ya mama siikumbuki. Nyumbani kwetu, habari zake zote zilikuwa neno moja: "Alituacha."

Baba akasema chumba kikikosekana nirudi, mafunzo yatangoja mwakani. Yaani mwaka mzima uende na maji.

Nikampigia mjomba, kaka yake mama.

"Usirudi, mpwa wangu," akasema. "Niachie hilo."

Kesho yake alikuwa na jibu. Kulikuwa na mwanamke anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Alioka usiku kucha na kulala mchana. Usiku kitanda chake kilikuwa kitupu.

"Kitanda kimoja, zamu mbili," mjomba akasema. "Sharti ni moja. Asubuhi uwe umetoka kabla hajaingia. Jioni, yeye atakuwa ametoka kabla hujaingia. Hataki kuonana na mtu."

"Mjomba, huyo ni mtu au popo?"

Hakucheka. Na mjomba wangu hucheka hata msibani.

Mwenye nyumba tulimwita Bi Funguo, kwa sababu ya rundo la funguo lililolia kiunoni mwake kila alipopita. Alinikabidhi mmoja pamoja na onyo.

"Hapa hatupigi kelele, hatuleti wageni, na mwenzio humsumbui. Tumeelewana, binti?"

"Tumeelewana, mama."

Chumba kilikuwa kisafi. Kitanda, meza, kioo kidogo, na dirishani chupa ya dawa ya kikohozi. Mezani, chini ya bakuli lililofunikwa, palikuwa na mkate mdogo uliosukwa kama nywele za mtoto.

Nikadhani ameusahau. Jioni iliyofuata nikaukuta mwingine.

Nami nikaanza kumwachia chai kwenye chupa. Kila jioni niliikuta chupa imeoshwa na kuinamishwa. Hivyo ndivyo tulivyosalimiana.

Jambo moja lilinishangaza.

Kila asubuhi niliikusanya neti, nikaisokota, kisha nikaipitisha ncha ndani ya kitanzi chake yenyewe ikaning'inia. Bila kamba. Ndivyo nilivyofanya tangu utotoni. Bibi yangu mzaa baba hufunga yake kwa kamba, na alizoea kuniuliza ujanja ule nilijifunzia wapi. Nami sikukumbuka.

Jioni niliikuta neti imefungwa vile vile. Nikahitimisha kwamba mwenzangu halali na neti. Nikamwomba Bi Funguo amwonye.

"Mwambie mbu watammaliza."

Bi Funguo alinitazama kama mtu anayemeza neno.

"Mbu wanamjua," akasema. "Wewe nenda kazini."

Siku moja homa ikaniangusha. Niliituma taarifa ofisini, nikajifunika shuka gubigubi, sharti nikalisahau.

Mlango ukafunguliwa.

Nilisikia kikohozi kikizuiwa kwa kiganja. Kisha kitambaa cha maji baridi kikatua kwenye paji la uso. Mkono ule ulinuka hamira. Nilijaribu kufumbua macho, yakakataa.

"Lala," sauti ikasema. "Lala tu."

Kila nilipozinduka, mkono ulikuwepo. Nilipopata nguvu za kuketi, jua lilikuwa limezama, chumba kitupu, uji uko mezani. Mtu aliyestahili kulala mchana kutwa alikuwa amerudi kazini bila kufumba jicho.

Likizo ikaisha. Asubuhi ya mwisho niliifua neti kama shukrani, nikaianika uani ikiwa bado inatiririka maji, nikabeba begi langu hadi ofisini kuaga.

Jioni, nikiwa kituo cha mabasi, nikakumbuka chaja. Nikarudi.

Mwenzangu alikuwa ameshatoka. Neti ilikuwa juu ya kitanda, kavu. Imesokotwa. Ncha imepitishwa ndani ya kitanzi chake yenyewe. Bila kamba.

Nilisimama palepale. Safari hii aliyeifunga si mimi.

"Bi Funguo! Nani ameanua neti?"

"Mwenzio. Nani tena?"

Nikampigia mjomba.

"Mjomba, ni nani aliyenifundisha kufunga neti?"

Nikamsikia mtu mzima akilia.

"Hakuwaacha, mwanangu. Alifukuzwa. Baba yako aliapa kwamba siku atakayosogea mbele yako, ada imekwisha. Hajasogea mpaka leo. Uliponiambia huna pa kulala, nilimweleza. Akasema, 'Sitamwona wala hataniona. Nitalala tu alipolala yeye.'"

Kiwanda hakikuwa mbali. Sikumbuki nilivyofika. Kupitia kioo niliona wanawake watatu wakikanda unga, wamefunika nywele, pua na midomo kwa vitambaa vyeupe. Mmoja aliinua kichwa.

Akaacha kukanda.

Alikuja mpaka kwenye kioo. Niliyaona macho tu. Nikapiga kioo, nikamwita kwa neno ambalo sikuwahi kumwita mtu kwa maana yake. Aliweka kiganja chake chenye unga juu ya kioo, nami nikaweka changu.

Kisha akatikisa kichwa. Akaonyesha begi langu. Akaonyesha barabara. Akainua kidole kimoja.

Mwaka mmoja.

Alipogeuka, mabega yake yalikuwa yakitikisika. Nilijiambia ni kile kikohozi.

Nilipanda basi. Nilisoma mwaka ule kama mtu anayekimbizwa. Baba alilipa ada, nami nilimshukuru kwa adabu zote.

Siku ya mahafali, baba alipokuwa akipiga picha na wageni, mimi nilikuwa njiani na joho langu begani.

Bi Funguo alinifungulia. Funguo zake hazikulia. Alikuwa amezikamata ngumini.

"Ingia ukae, binti."

"Amelala?"

Akanivutia kifuani pake.

"Mvua za mwanzo zilimkuta na kifua kibaya. Mjomba wako nilimkataza asikwambie. Mama yako ndiye aliyeagiza hivyo. Alisema, 'Mwacheni amalize.'"

Niliendelea kusimama. Joho lilianguka, sikuliokota.

Akaingia ndani, akarudi na neti.

"Alisema ukija na cheti, upewe hii. Aliifunga mwenyewe, hakutaka mtu aiguse."

Nimelelewa juu ya neno moja kuhusu mama yangu, nikaliamini kwa sababu lilisemwa na mtu aliyenilisha. Nawe kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyefupishwa hivyo, nenda kaulizie yaliyobaki. Nenda angali anapumua.

Neti iko juu ya kitanda changu, imefungwa vile vile alivyoiacha.

Kila usiku mbu wananiuma. Sijaifungua.