Kasuku wa Mzee Gida na Picha Niliyoituma

Kosa hili ni langu peke yangu. Sikushawishiwa na mtu, sikuwa nimelewa, wala sikuwa na hasira. Nililitenda mchana kweupe, kwa akili timamu, nikiamini kabisa kwamba ninamtumikia Mungu na viumbe vyake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote!

Nisikilize mpaka mwisho, wewe usiyenijua. Nimeficha jina langu, lakini si kwa kujilinda. Wamo wazee wawili katika habari hii, nao wameshatangazwa vya kutosha kwa sababu yangu.

Mimi ni binti wa Tlawi, Mbulu. Wakati huo nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada ya afya ya mifugo, nikijitolea katika ofisi ya kata huku nikisubiri ajira. Nilikuwa na koti jeupe, kipimajoto na uhakika mwingi mno.

Kwetu milimani mashamba ni finyu. Mtu mwenye ng'ombe wengi kuliko majani yake humkabidhi rafiki wa huko chini, tambarare za Hanang, amtunzie. Mtunzaji hunywa maziwa. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, ila baada ya uzao kadhaa naye mtunzaji hupewa wake. Hakuna karatasi inayoandikwa. Anachokuwa nacho mtunzaji ni sifa tu, kwamba fulani ana mkono mwema kwa mnyama. Mimi nilikuwa nayajua hayo tangu utotoni. Naomba ulikumbuke hilo unaponihukumu.

Ng'ombe mmoja wa baba yangu alikuwa Balangdalalu, huko Hanang, kwa mzee nitakayemwita Mzee Gida, jina ambalo si lake. Yeye na baba walikuwa marafiki kabla mimi sijazaliwa. Siku moja ikaja habari kwamba ng'ombe amezaa, baba akanituma nikamwone ndama. "Wewe ndiye daktari wetu sasa," alisema, akicheka kwa fahari.

Nilifika bomani asubuhi. Kabla sijamwona mwenye nyumba, sauti ikaniambia kutoka barazani, "Shikamoo!"

Nilitazama huku na huku. Mzee Gida akatoka zizini akijifuta mikono, nikamwamkia, akaitikia. Kisha akasema, "Na yeye umwitikie, binti yangu. Diwani amekusalimia. Asipoitikiwa hali chakula."

Diwani alikuwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye dereva mmoja wa lori alimletea kutoka mbali miaka mingi iliyopita. Nilipouliza sababu ya jina hilo, mkwe wa mzee aliyekuwa akipepeta mahindi alidakia, "Si anaongea toka asubuhi mpaka jioni na barabara haijengwi!" Wote tukacheka.

Halafu nikakisogelea kile kizimba, na kicheko kikaniishia. Kifua cha ndege yule kilikuwa kitupu! Ngozi ya waridi, mikwaruzo, unyoya mmoja mmoja uliosimama kama bua shambani baada ya mavuno.

Sikuuliza kitu. Nitalirudia neno hilo mpaka nife: sikuuliza!

"Mzee, huu ni ukatili," nilisema.

"Ukatili gani, mwanangu?"

"Ndege huyu anateswa. Kizimba ni kidogo, chakula si chake, amenyonyoka. Halafu una kibali cha kumfuga?"

"Kibali?" Alimtazama mkwe wake. "Cha ndege?"

"Cha ndege wa porini. Serikali ikijua, unaweza kushtakiwa."

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na mtu wa rika la baba yangu alisimama mbele yangu akihema kwa woga. Tena sheria yenyewe niliijua nusunusu. Kuhusu kasuku chuoni hatukufundishwa hata saa moja. Lakini koti jeupe lilisema kwa niaba yangu.

"Sasa nifanye nini, daktari?"

"Nipe mimi. Nitampa makazi mapya."

Akaenda mwenyewe kutafuta boksi, akalitoboa matundu kwa kisu, akamtia ndege wake humo huku akimnong'oneza kwa lugha ya kabila lake. Akanipa na mfuko wa mbegu za alizeti. "Hizi anazipenda. Na salamu yake, mwanangu, usiisahau."

Ndama wa baba, niliyetumwa kumwona, nilimtazama kwa dakika mbili. Alikuwa mnene, anang'aa, kitovu kimekauka vizuri. Ushahidi wote wa mkono wa mzee yule ulisimama mbele yangu kwa miguu minne, nami nikaupita!

Nikiwa njiani nilituma picha ya kile kifua kitupu, niliyoipiga palepale barazani, na nyuma yake uso wa Mzee Gida ukionekana wazi. Niliituma katika kundi la simu la vijana wa kigango chetu cha kanisa na katika kundi la wanachuo wenzangu. Chini yake niliandika: "Huyu naye anaitwa mfugaji, Balangdalalu. Kama kiumbe mdogo wa Mungu anamnyonyoa hivi, mifugo mnayomkabidhi iko katika hali gani?"

Niliipenda sana sentensi ile. Niliisoma mara tatu kabla ya kuituma.

Nyumbani nilimpokea Diwani kama mgeni wa heshima. Fundi alitengeneza kizimba cha mbao na wavu, kirefu kuliko mimi. Niliweka matawi ya mti halisi, maji safi, mapapai, karoti. Nikaweka na sheria: asisemeshwe na mtu. Nilitaka asahau maneno ya watu, arudi kuwa ndege.

Basi kila asubuhi alianza, "Shikamoo! Shikamoo!" Nasi tukapita kimya.

Mama hakuweza kuvumilia. "Wewe mtoto, tangu lini katika nyumba hii mtu anaamkia asiitikiwe?"

"Si mtu, mama. Tukimwitikia tunaendeleza utumwa wake."

"Utumwa! Haya, msomi." Lakini nilipokwenda kazini alimwitikia kwa siri, nami sikujua. Ndiyo sababu ndege yule alikula.

Picha nayo ilikuwa ikitembea. Ilitoka kigango hadi kigango, ikashuka Hanang. Siku ya tatu baba aliniita akiwa ameishika simu ya jirani.

"Gida amefanya hivi? Gida huyu huyu?"

"Picha hiyo hapo, baba."

"Picha naiona. Nakuuliza wewe uliyekuwepo."

Hapo nilipewa nafasi, ndugu msomaji. Ningeweza kusema, "Sikumuuliza kilichotokea." Badala yake nikasema, "Ukimwacha ng'ombe wako pale, baba, nawe unashiriki."

Baba aliinamisha kichwa. Wiki ile ile akashuka Balangdalalu, akaondoa ng'ombe wake na ndama. Alikuwa wa kwanza. Watu walipoona kwamba hata rafiki yake wa ujana ameondoa, wakasema basi habari ni ya kweli. Wengine wakafuata.

Mimi niliposikia nilifurahi. Ee Mungu, nilifurahi! Nilidhani jamii imeamka.

Lakini Diwani hakuota manyoya. Katika kizimba kile kizuri, chenye matawi na mapapai, alimaliza kifua akaingia mabawani. Niliokota manyoya ya kijivu kila asubuhi. Jioni, saa ya ng'ombe kurudi zizini, aliita majina yasiyo ya kwetu, moja baada ya jingine, kwa sauti ya Mzee Gida yenyewe, akipiga na mluzi katikati. Alikuwa akiita ng'ombe. Mtu anayetesa mifugo haiiti kwa sauti ya namna ile. Nilisimama nje ya wavu nikisikiliza, nikaanza kuogopa.

Nilimpigia mwalimu wangu mmoja wa chuo, aliyewahi kufuga kasuku. Nikamweleza kifua, mabawa, kizimba na lishe. Hakuuliza habari za lishe. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Katika nyumba aliyotoka, nani alifariki au kuhama?"

"Sijui, mwalimu."

"Hujui? Hukuuliza historia ya mgonjwa?"

Historia ya mgonjwa! Somo la wiki ya kwanza! Hata mbuzi anayeharisha hatibiwi kabla mwenye mbuzi hajaulizwa: ameanza lini, amekula nini, kulitokea nini. Kasuku hawa, alinieleza, wakifiwa au wakiachwa wanaweza kujinyonyoa wenyewe. Nikakata simu bila hata kumuaga.

Kesho yake nilimrudisha Diwani katika boksi lile lile, nikashuka Balangdalalu bila koti.

Boma lilikuwa kimya. Zizi ambalo nililiona na ng'ombe tisa lilikuwa na wawili, wale walio wake mwenyewe, na wote wawili hawakuwa wakikamuliwa. Mzee Gida alikuwa ameketi kwenye kigoda. Nikamwamkia nikiwa nimepiga goti.

"Marahaba. Karibu, daktari. Kagua. Safari hii utamaliza haraka, wamebaki wawili."

Mkwe wake, yule mcheshi, hakutania tena. Alileta chai ya rangi, akaiweka mbele yangu akisema kwa sauti ya chini, "Utusamehe, hakuna maziwa."

Aliniomba msamaha, mimi! Nyuma yake wajukuu wawili walikuwa wakinywa uji mweupe wa maji na unga.

Nikafungua boksi. Diwani alitoka akiyumba, karibu uchi, akapanda mkono wa mzee hadi begani, akaficha kichwa shingoni mwake. Mzee Gida alimpapasa mgongo.

"Mzee," nilisema, "manyoya yake yalianza kutoka lini?"

"Sasa ndiyo unauliza." Hakupandisha sauti. "Tulipomzika mama wa nyumba hii. Yeye ndiye aliyemfundisha kuamkia. Baada ya maziko akawa anaamkia mlango wa jikoni, anaamkia, hakuna anayetoka. Akaanza kujing'oa. Nilikwenda mjini Katesh mara mbili kutafuta dawa. Dukani wakacheka, wakanipa vitamini vya kuku. Nikampa hivyo hivyo."

Nilishindwa kumtazama.

"Ulikuwa na mdomo, mwanangu," akasema. "Mdomo wa kunitisha ulikuwepo. Wa kuniuliza ulikuwa wapi?"

Nililia. Mkwe wake akanipa kitambaa, nami sikustahili hata kitambaa.

Tangu siku hiyo nimefanya ninaloweza. Niliandika ukweli katika makundi yale yale, nikataja kosa langu waziwazi. Picha ilikuwa imepelekwa na watu wasiohesabika. Masahihisho yalijibiwa na watatu. Nilikwenda kwa wenye ng'ombe, mmoja mmoja. Mmoja alisema, "Tumekuelewa, binti, ila ng'ombe amezoea alikohamia." Mwingine akaniuliza ni lini nilisema kweli, safari ile au safari hii.

Baba nilimwambia mwisho, kwa sababu yeye ndiye niliyemwogopa. Alinisikiliza akiwa amesimama. Hakunipiga wala hakunifokea. Alisema tu, "Mimi namjua Gida miaka yote hii. Nikakuamini wewe uliyekaa naye asubuhi moja." Kisha akaenda kumfungua ng'ombe.

Tuliwaswaga ng'ombe na ndama hadi kituoni, tukawapandisha kwenye gari la mizigo, tukashuka nao, baba na mimi. Baba alisimama mlangoni pa boma na kofia mkononi.

"Gida, nimekosa. Nimekurudishia ng'ombe wako."

Mzee Gida alimshika mkono, akauweka katikati ya viganja vyake. Nikaanza kuamini kwamba yamekwisha.

"Wewe ni rafiki yangu," akasema hatimaye. "Uje, ukae, tule. Lakini ng'ombe rudi naye."

"Kwa nini, ndugu yangu?"

Hapo akanigeukia mimi. "Ng'ombe huugua. Ndama hufa hata mkononi mwa mtunzaji mwema, wewe umesoma unajua. Akifa mmoja hapa kwangu, utaandika nini?"

Nikaishika tena kamba ya ng'ombe.

Tulirudi na ng'ombe wetu. Baba hunisemesha, ndiyo, lakini hanitumi tena kwa mnyama wake yeyote. Humwita mtu wa kata ya pili. Nako kazini, katika kila boma ninalofika watu huniuliza kwanza, "Daktari, simu yako umeiacha wapi?" Wapo wanaowaficha wanyama wagonjwa nyuma ya nyumba nisiwaone. Wanyama wanakufa kwa magonjwa ninayoyaweza, kwa sababu wenye wanyama wananiogopa. Nilisomea kuwaponya!

Ndugu yangu, wewe kijana mwenzangu uliyesoma na unayechukia dhuluma kwa moyo wako wote: usiache kuichukia. Lakini huruma yako isimvunjie mtu heshima kabla hujamsikia. Kaa kwenye kigoda chake. Muulize, kisha umsubiri amalize kujibu, hata kama jibu ni refu na Kiswahili chake si cha chuoni. Kama uovu upo, upo tu, hautakukimbia.

Na kama sasa hivi una picha ya mtu kwenye simu yako, na maneno makali umeshayapanga, nakusihi usiitume leo. Ya kwangu nimeifuta zamani. Juzi, nikiwa kata ya Tumati, kijana mmoja asiyenijua alinionyesha picha hiyo hiyo, akaniuliza kama nimewahi kumwona mtu katili namna hii.