Moshi Ulionukia Maandazi

Mpaka leo, harufu ya maandazi jikoni hunifanya niinamishe kichwa.

Miaka ile ya ruksa, watu binafsi walipoanza kununua pamba na kukamua mbegu zake huku Bariadi, baba alikuwa na mashine ya kusaga. Bomba la moshi lilielekea nyumba ya jirani yetu, mama mtu mzima aliyeishi peke yake. Injini ikinguruma, naye anakohoa. Utotoni nilidhani sauti hizo mbili zinatoka kwenye mashine moja.

Mjomba, fundi kwenye kiwanda cha kukamua, alimfundisha baba kuchanganya mafuta ya pamba na spiriti na soda ya kutengenezea sabuni, kuyaacha yatulie, kisha kuyatia kwenye injini badala ya dizeli. Moshi mweusi ukawa ukungu mwembamba. Jirani akaanza kupata usingizi. Baba akatembea kifua mbele kama bwana harusi.

Lakini ukungu ule ulinukia maandazi.

Wakati wa mavuno hakuna aliyejali. Mvua zilipokatika, wanawake walileta mtama kidogo uliofunika tu kitako cha ndoo, wakapanga foleni huku wakimeza mate. Jirani alikuwa akila michembe, viazi vilivyokaushwa, bila mboga. Siku moja akavuka uwanja.

"Baba, injini yako inakula vizuri kuliko mimi."

"Mayu, mama yangu, nikirudisha dizeli utakohoa."

"Bora nikohoe nimeshiba. Sasa kifua kizima, tumbo linakaa kusikiliza mashine yako ikikaanga!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Baba hakucheka. Jioni alimpelekea dumu la mafuta ya pamba, yale ambayo hayajachanganywa na kitu. Hakuwa na mengine. Asubuhi injini ikanywa dizeli, na moshi mweusi ukarudi mlangoni kwa jirani.

Mchana alinikuta uwanjani.

"Njoo uonje, ng'wana wane, mwanangu."

Alikuwa amekaanga dagaa. Aliinama juu ya sufuria akikohoa, akafuta macho kwa pindo la kanga, akanipakulia kwanza mimi. Dagaa walikuwa wakavu, wanavunjika mdomoni, watamu. Nje mashine yetu ilinguruma.

Nyumbani kwetu chakula kilikuwepo. Nilikuwa nimekula asubuhi.

Nilinyoosha sahani tena.