Mafunjo ya Mama Atieno

Mwezi jana nilienda ufuoni Homa Bay kuorodhesha mimea ya kinamasi. Mama Atieno, mwenye shamba, alinionyesha njia, nami nikajifanya profesa.

"Shina la pembe tatu ni mafunjo, la mviringo ni tete," nilimfundisha, kana kwamba hakuzeekea hapo.

Juu kidogo, mahali pakavu, nikaona mafunjo machanga yamesimama peke yake. Nikayakimbilia.

"Ngoja kwanza, mwalimu!"

Sikungoja. Niliyang'oa na mizizi yote. "Mama, haya hayamei pakavu. Yamefikaje hapa?"

"Niliyapanda mimi. Nayachotea maji kila asubuhi." Alionyesha shimo nililoliacha. "Mzee wangu alizama ziwani, hatukumpata. Hapo tulizika shati lake."

Nilibaki nimeyashika, udongo wa kaburi ukinidondokea viatuni.